Mangwe Isiyo na Picha

Saa kumi na nusu alasiri, katika shamba moja nyuma ya kijiji cha Gazi, mgema alikuwa akishuka mnazini. Kibuyu kilining'inia kiunoni, kotama imechomekwa mgongoni kwenye mkanda. Hakuangalia chini. Mguu wenyewe ulijua njia: shina lilikuwa limekatwa vipandio kutoka ardhini hadi kwenye makuti, kimoja kulia, kimoja kushoto, kila kimoja kikitosha kidole gumba na nyama ya wayo. Nilikuwa nimeshainua kamera. Aliniona akiwa bado juu yangu kimo cha mtu na nusu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiyo kamera iteremshe kwanza, mwanangu."

Nikaiteremsha. Akafika chini, akafungua kibuyu, akaanza kuchuja tembo, pombe ya mnazi, kwa kilifu, kile kitambaa cha nyuzi ambacho mnazi hujifumia wenyewe kwenye makuti machanga. Nilimwambia kwamba ninatafuta picha za mahali watu wa pwani wanapokunywa, na jinsi mahali hapo palivyofungamana na bahari. Akacheka. Akanionyesha mnazi kwa kidevu.

"Piga mti. Mti hauna wakwe."

Jibu hilo nimelirudia kichwani mara nyingi. Mwambao wa kusini wa Kenya, kutoka Likoni kupita Tiwi, Diani, Msambweni na Shimoni hadi Vanga, umepigwa picha kiasi cha kuchosha. Jahazi lenye tanga jeupe, mchanga, ngalawa iliyolala ubavu maji yakikupwa, mnazi ulioinama kuelekea bahari: hizi ni picha ambazo mtu wa Helsinki anazijua kabla hajakanyaga Ukunda. Lakini mangwe, yaani kilabu cha mnazi, penye benchi la gogo na paa la makuti, ambapo wavuvi na wakwezi wamekaa jioni kwa vizazi, haimo katika albamu hizo. Kuna historia ndefu nyuma ya pengo hilo, na inaanza na mti wenyewe.

Mnazi si mwenyeji wa Afrika. Ulikuja kwa bahari. Mwaka 2011 wataalamu wa jenetiki walichapisha utafiti wa minazi ya dunia nzima na kukuta koo mbili kubwa, moja ya Bahari ya Pasifiki na nyingine ya Bahari ya Hindi na Atlantiki. Katika Madagaska, Komoro na pwani yetu koo hizo zimechanganyika, na maelezo yao ni kwamba mabaharia wa Kiaustronesia, waliovuka bahari kutoka visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki, walipanda mbegu zao pembeni mwa zile zilizotoka upande wa India. Kwa hiyo mnazi wa Gazi ni abiria aliyeshuka chomboni.

Abiria huyo akawa fundi. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani cha karne ya kwanza, *Periplus*, kinazitaja mashua za kushonwa katika pwani hii ya Afrika. Mtepe, mrithi wa mashua hizo, uliendelea kusafiri hadi mwanzoni mwa karne ya 20: mbao zilitobolewa na kushonwa kwa kamba za nazi, bila msumari wa chuma. Kamba hiyo ilikuwa na kazi yake ndefu. Makumbi yalifukiwa kwenye tope la ufuo miezi kadhaa yaoze kwa maji ya chumvi, yakafukuliwa, yakapondwa kwa rungu hadi yabaki nyuzi, yaani usumba, kisha wanawake wakausokota juu ya paja. Nanga ilishikwa na kamba hiyo. Tanga lilipandishwa kwa kamba hiyo. Dafu lilikuwa maji ya safari, na nazi kavu ilikuwa mchuzi wa siku ambayo hakuna samaki.

Lakini mti huohuo una njia ya pili, nayo humfunga mkulima kwenye uamuzi. Anayetaka tembo hasubiri nazi. Mgema huchagua karara, lile ganda refu linalofunika maua, kabla halijapasuka. Hulifunga kwa kamba lisifunguke, hulibembeleza kwa kulipondaponda taratibu na kulivuta liiname siku baada ya siku, kisha hukata ncha. Utomvu uliokuwa uende kwenye nazi hudondoka kwenye kibuyu kilichofungwa hapo. Kila asubuhi na kila jioni hupanda tena, hukata kipande kingine chembamba kama ukucha ili jeraha lisizibe, na kumimina kilichokusanyika. Karara inayogemwa haizai. Haitoi nazi, kwa hiyo haitoi mafuta, wala kumbi, wala kamba.

Hapo ndipo mangwe na jahazi zinapokutana hasa. Vilabu maarufu vya London vilivyo kando ya mto Thames, kama Prospect of Whitby, hujivunia uhusiano wao na meli kwa jina: hicho kiliitwa hivyo kwa sababu ya meli ya Whitby iliyokuwa ikitia nanga jirani. Kina ukuta, kina kibao, na hakuna mtalii anayekipita bila kukipiga picha. Mangwe ya huku haina kibao. Uhusiano wake na chombo ni wa ndani zaidi, kama wa ndugu wanaogombea titi moja: kila kibuyu cha tembo ni pima kadhaa za kamba ambazo hazikusokotwa.

Ugomvi huo haukuizuia bahari kuleta wateja. Kaskazi ilianza kuvuma kuelekea Desemba na kuleta vyombo kutoka Arabuni na India. Kusi ilishika Aprili na kuvirudisha. Katikati kulikuwa na kungoja, na kungoja kwa baharia ni kazi kama kazi nyingine, ila haina ujira. Bandari kubwa ilikuwa Mombasa, lakini vijibandari vya kusini, yaani Gazi, Wasini na Vanga, vilikuwa na shughuli zao: boriti za mikoko, nafaka na sandarusi kutoka bara ya Wadigo na Waduruma. Gazi ilipata jina kubwa zaidi Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui alipoifanya makao yake. Aliwasumbua watawala wa Zanzibar kwa miaka, kisha akapambana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 mpaka akavuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani.

Kulikuwa pia na safari za karibu zaidi. Wavuvi wa Pemba walifuata samaki hadi Vanga, Shimoni na Gazi, wakapiga dago: wakajenga kambi ufuoni, wakavua msimu mzima, wakakausha samaki, wakarudi kwao. Wengine hawakurudi. Wajukuu wao waliishi Kenya miongo mingi bila vitambulisho, hadi mwaka 2023 serikali ilipowatambua Wapemba kuwa mojawapo ya makabila ya nchi. Si kila baharia alikunywa, na wengi wa watu hawa walikuwa Waislamu wenye kushika dini. Lakini ufuo ulikuwa mahali pa mchanganyiko. Aliyekunywa alijua njia ya kupita nyuma ya nyumba hadi shambani, na asiyekunywa alijua kutoiona.

Ili kuielewa njia hiyo ya nyuma, inabidi tutoke ufuoni kidogo. Kwa Wamijikenda, ambao Wadigo, Waduruma na Wagiriama ni miongoni mwao, tembo, ambalo wao huliita uchi, lilikuwa muhuri kabla ya kuwa kileo. Lilimiminwa chini katika sadaka za kaya, zikiwemo kaya za Wadigo kama Kinondo, ambayo mwaka 2008 iliingia katika orodha ya UNESCO pamoja na misitu mingine mitakatifu ya Mijikenda. Mposaji alitanguliza kadzama, kibuyu cha uchi, kabla ya kutaja mahari. Mkosaji alitozwa faini ya uchi, na wazee waliohukumu wakainywa pamoja naye ili kila mmoja akumbuke kilichoamuliwa.

Mwanaanthropolojia David Parkin aliliona jambo hili kwa undani kule Kaloleni, kwa Wagiriama, katika miaka ya 1960. Kitabu chake cha mwaka 1972 kinazungumzia minazi, tembo na mashahidi kwa pamoja, kwa sababu kule vitu hivyo vitatu havikutengana. Anayenunua shamba la minazi alihitaji wazee washuhudie, na wazee hushuhudia wakiwa wamekaa na uchi mbele yao. Palipokosekana ofisi ya ardhi, mangwe ilikuwa ofisi, na kumbukumbu zake zilihifadhiwa vichwani mwa waliokunywa. Parkin aliona na jambo jingine la kuchekesha kidogo. Baadhi ya wakulima waliokuwa wakijilimbikizia minazi walishikwa na maradhi ya pepo, na mganga akaamua kwamba pepo huyo ni Mwislamu na hataki pombe. Mgonjwa akaacha kunywa kwa amri ya pepo. Hivyo akaepuka gharama ya kuwanywesha jamaa kila jioni, na hakuna aliyeweza kumwita bahili.

Upande wa kusini Uislamu haukuhitaji kisingizio cha pepo. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 Wadigo wengi waliingia dini hiyo, na msikiti ukashika nafasi katikati ya kijiji. Mangwe haikufa. Ilisogea. Ilitoka barazani ikaingia shambani, na kazi ya kugema mara nyingi ikawa ya Mduruma au Mgiriama aliyekuja kutafuta riziki, huku mwenye minazi akibaki na heshima yake na kodi ya miti. Methali inayosema mgema akisifiwa tembo hulitia maji inajulikana na Waswahili wote, hata wale ambao hawajawahi kuonja. Ni lugha ya watu waliomjua mgema vizuri sana bila kumkaribisha sebuleni.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuja na jicho lake. Mwaka 1890, katika mkutano wa Brussels, mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia biashara ya vileo vikali katika sehemu kubwa ya Afrika. Tembo la mnazi halikuwa kileo kikali, kwa hiyo lilibaki mikononi mwa watawala wa mahali, nao walilitazama kwa hesabu ya forodha. Mbata, yaani nazi iliyokaushwa, ilikuwa bidhaa ya kuuzwa nje. Tembo lilinywewa na kuisha hapohapo. Kila mnazi uliogemwa ulikuwa mnazi usiotoa mbata, na maofisa wa pwani waliandika malalamiko yao mwaka baada ya mwaka, wakiweka leseni na vizuizi. Kwao mgema alikuwa mtu anayeharibu zao. Ugomvi wa zamani wa kamba na kibuyu ukawa sasa ugomvi wa mbata na kibuyu, na sheria ikachukua upande.

Kamera ilikuwa imeshafika zamani. Kati ya 1846 na 1848 Charles Guillain, nahodha wa manowari ya Ufaransa, alizunguka pwani yetu na vyombo vya upigaji picha wa daguerreotype, miaka michache tu baada ya uvumbuzi huo kutangazwa Paris mwaka 1839. Sahani moja ilitaka mtu akae bila kutikisika muda mrefu. Waliopigwa walikuwa wenye mamlaka na watu waliowekwa wasimame kama vielelezo vya kabila lao. Baadaye zikafuata studio za Wagoa huko Zanzibar na Mombasa, na kadi za posta zilizouzwa kwa abiria wa meli. Abiria alitaka kuonyesha kwao alikofika: ngome, soko, jahazi.

Jahazi hasa lilipata mpiga picha wake mkuu mwaka 1938. Alan Villiers, baharia wa Australia, alipanda Aden chombo cha Kikuwaiti chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, akasafiri nacho kwa kaskazi kushuka pwani ya Afrika, kupitia Mombasa na Zanzibar hadi maingilio ya Rufiji, walikopakia boriti za mikoko, kisha wakarudi kwa kusi mwaka 1939. Kitabu chake, *Sons of Sinbad*, kilitoka mwaka 1940, na picha zake zimehifadhiwa Greenwich, Uingereza. Ni kazi ya mtu aliyevuta kamba pamoja na mabaharia: unaona misuli, unaona foromali ikipandishwa, unaona uchovu. Picha za namna hiyo ziliwafundisha wengi jinsi ya kuitazama pwani yetu, na macho yao yakabaki baharini. Alichofanya baharia akishashuka, na kwa nani alikaa, halikuwa jambo la kamera.

Wapwani na wahamiaji wenyewe walipopata picha zao, nao walichagua chombo. Katika miaka ya 1990 karibu na kivuko cha Likoni, mlango wa mwambao wa kusini, palikuwa na safu ya vibanda vya wapiga picha. Mwanaanthropolojia Heike Behrend aliandika makala ya kupendeza kuwahusu. Ndani ya kila kibanda palikuwa na pazia lililochorwa kwa rangi kali: meli kubwa za abiria, ndege, majumba ya ghorofa. Kijana aliyetoka bara kutafuta kazi alisimama mbele ya meli ya rangi, feri halisi ikipiga honi nyuma ya kibanda, na kuituma picha nyumbani. Safari ilikuwa ya kubuni, lakini fahari ilikuwa ya kweli. Tarehe 13 Agosti 1997 ghasia zilianza Likoni na kuwafukuza maelfu ya watu wa bara, na sura ya upande ule wa kivuko haikuwa tena ile ya awali. Hata katika enzi ya vibanda hivyo, pazia lilichorwa meli na ndege, si benchi la gogo wala kibuyu.

Kabla ya hapo Diani ilikuwa imeshajenga mangwe nyingine, ya mgeni. Hoteli za kwanza ziliota ufuoni, mojawapo ikiitwa Trade Winds, jina la pepo za misimu zilizoleta majahazi. Kule Shimoni wavuvi wa kizungu walifuata samaki wakubwa wa mkondo wa Pemba, na mwaka 1954 Ernest Hemingway alikuja kwenye kambi ya uvuvi hapo kupumzika baada ya kunusurika ajali mbili za ndege nchini Uganda. Baa za ufuoni ziliezekwa makuti, viti vikatengenezwa kwa magogo, taa zikawekwa ndani ya vifuu. Mgeni akanywa bia baridi chini ya paa la mkwezi, akapiga picha ya machweo, akaamini ameiona baa ya pwani. Paa lilikuwa la kweli. Kilichokosekana mezani ni kile ambacho mti huo hutoa ukikatwa karara.

Sheria mpya ilikuja kuifunga mangwe zaidi, pengine bila kukusudia. Mwaka 2010 Bunge lilipitisha sheria ya kudhibiti vileo, ambayo Wakenya wengi waliiita sheria ya Mututho, kwa jina la mbunge wa Naivasha aliyeiwasilisha. Ilifuta sheria ya zamani ya chang'aa, na ikaweka saa: siku za kazi baa isifunguliwe kabla ya saa kumi na moja jioni. Kwa chupa ya bia saa hiyo haina neno. Kwa tembo ni kitendawili. Tembo lina saa yake, nayo huanza kuhesabu kibuyu kikiwa bado juu ya mti, kwa sababu chachu iliyobaki ndani tangu jana huanza kazi papo hapo. La alfajiri ni tamu kama maji ya miwa. Adhuhuri lina povu na ukali. Likilala linachachuka, na baada ya siku chache ni siki, ambayo mama wa nyumbani atainunua bila kuuliza ilikotoka. Mgema anayetii sheria ataliuza la asubuhi likiwa limeshaanza kuharibika. Asiyetii ana leseni ya kuogopa na askari wa kukimbia. Katiba ilizipa serikali za kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo, na wanasiasa wa pwani wameahidi katika kampeni nyingi kwamba mnazi utaachiwa huru. Mgema bado husikiliza pikipiki inayokaribia kabla hajamimina.

Kwa hiyo mzee wa Gazi alipoiona kamera, hakuona chombo cha sanaa. Aliona askari, shehe na mkwe katika kioo kimoja. Sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inanitaka niombe ridhaa ya mtu kabla ya kuitumia sura yake, lakini mangweni sharti hilo ni la zamani kuliko sheria. Niliweka kamera kwenye mfuko, nikakaa kwenye gogo. Walikuja mvuvi aliyekuwa bado na magamba ya samaki mikononi, kijana wa bodaboda, na wazee wawili waliokuwa wakibishana kuhusu mpaka wa shamba. Glasi zilikuwa za plastiki, ila mmoja wa wazee alikuwa na kibuyu chake kidogo na mrija. Hakuna aliyesema neno bahari, lakini mazungumzo yote yalikuwa ya bahari: upepo umegeuka mapema, changu wamehama, mashine ya fulani imekufa baharini.

Jua lilipokaribia kuzama nilifanya nilichoambiwa. Niliupiga mti. Nilianza chini, nikafuata shina kipandio baada ya kipandio. Mnazi si kama mwembe. Shina lake halinenepi kwa kuongeza pete, na likikatwa halizibi jeraha. Chale inayokatwa leo itakuwapo mpaka mti uanguke, na mnazi huweza kuishi miaka sitini, themanini, hata zaidi. Nilipomwonyesha mzee picha kwenye kioo cha kamera aliivuta karibu na macho.

"Tazama," alisema, akigusa vile vipandio vikubwa vilivyoachana sana, vyeusi kwa uzee. "Hivi alikata baba. Alikuwa mrefu, aliwahi kuwa baharia katika jahazi la Vanga. Mimi miguu yangu mifupi. Hivi vya katikati ni vyangu." Vilikuwa kweli vya rangi nyepesi zaidi, kimoja katikati ya kila viwili vya baba yake. "Na hiki cha chini kabisa cha mtoto wangu. Alipanda kimoja tu, akaenda Mombasa kuendesha tuk-tuk."

Akakaa kimya kidogo akitazama.

"Hii nichapishie," akasema. "Hii naweza kuitundika sebuleni."